Gari Iliyotupigia Hodi

Mie sikusoma sana. Chuoni nilihitimu msahafu, skuli nikafika darasa la nne, halafu nikawekwa ndani, nikaolewa, nikaja huku Omani na watoto wawili, mmoja mkononi na mmoja tumboni. Kwa hivyo asinicheke mtu nikiandika khabari za mashine. Sikuzitafuta, zilinifuata zenyewe uani kwangu. Na majina nayakumbuka yote, ya watu na ya baba zao, hata la mbuzi tuliyemfuga mwaka tuliofika Ibra. Lakini wajukuu wamenisihi nisimtaje mtu, maana wahusika wahai na wengine wana vyeo vyao. Basi majina nimeyaacha kichwani, yatulie huko huko.

Gari yenyewe ilikuwa ya marehemu mume wangu. Pikapu ya Kimarekani, rangi ya chai ya maziwa, mashine ya silinda nane. Siku hizo njia ya Sur ilikuwa vumbi na mawe tu, na yeye akiishi kwa kwenda na kurudi: kwenda na tende, kurudi na samaki wakavu na abiria waliokaa juu ya magunia. Gari ile ilikuwa na sauti yake. Sisemi ngurumo, ngurumo kila gari inayo. Hii juu ya ngurumo ilikuwa na mluzi, uuuuu, mwembamba na mrefu, ukausikia tokea kule wadini, kwenye bonde la mto mkavu, kabla haijafika kwenye mitende.

Na mluzi ule ulikuwa na kazi nyumbani. Kwetu Unguja mwanamme hata akiingia kwake mwenyewe hupiga hodi akangoja mlangoni, kwa sababu uani huwamo wanawake wa watu. Mmoja kaja kusukwa, mwengine kajitandaza na kanga moja anakuna nazi. Mume wangu hodi hakuipiga hata siku moja. Gari ilimpigia. Ikifika wadini, jirani zangu wanajifunika, mwenye kuondoka anaondoka kwa mlango wa nyuma, na mie nishaweka birika la kahawa motoni. Hata jirani wa Kiarabu wasiojua neno la Kiswahili waliujua mluzi ule. Akishuka garini, miguu yake inamleta moja kwa moja mpaka kwenye mkeka, na kikombe kinamngojea.

Wanaume wote wa nyumba yangu wakakulia humo. Mwanangu alikua hivyo, na mtoto wa binti yangu, ambaye babu yake alimpakia kila pahala tokea anaota meno, naye akakua hivyo hivyo. Wanashuka, wanaingia. Hodi ilikuwa kazi ya gari.

Mume wangu akijivuna nayo sana. Akikaa na wenziwe kwenye kahawa, husikii ila, "Huo mnaousikia ndio nguvu ya mashine. Ina meno ndani, haina cheni kama gari za watu." Mie nikipita na sinia la halwa nasikia, na nikisikia naamini. Mtu kila siku kalala chini yake anaitengeneza, unamkatalia vipi?

Alipofariki, gari ikabaki jina langu. Mwanangu, aliyekuwa afisa Nizwa na sasa kastaafu, hakuitaka. Aliyeitaka ni yule mjukuu wangu, mtoto wa binti yangu. Kijana mzima sasa, anafanya kazi ya gesi huko Sur, lakini kila mapumziko yuko kwangu chini ya banda, miguu nje, kichwa ndani ya gari. Wako vijana huku wanaozichukua gari za kizee wakazitia nguvu za kupita kiasi, hotirodi wanaziita, Ijumaa wanakwenda kuonyeshana. Na yeye ni wao. Alitia karburata kubwa, akatia kamshafti mpya na springi nzito za vali, mpaka gari ikiwashwa vikombe kabatini vinasalimiana.

Siku moja wakaenda kuonyeshana Nizwa. Kurudi, walipofika Izki, mbele ya mashine pakaanza kulia chaka chaka chaka, halafu gari ikashtuka, ikazima. Ilirudi Ibra juu ya mgongo wa brekdauni, kama mgonjwa juu ya machela, na mjukuu wangu kakaa mbele na dereva hataki kutazama dirishani.

Mwanangu alikuja jioni ile ile. Nikammiminia kahawa, akaipokea, akaiweka chini. Wajuao mila ya huku wanajua maana yake. Mtu akiweka kikombe chini ana haja, na hanywi mpaka akubaliwe.

"Mama," akaniambia, "yule bwana wa Nizwa kaniuliza tena. Ana banda zima la gari za zamani, anazifuta kila siku kwa kitambaa. Mpe, gari ipumzike."

"Mjomba, mie ntaoa mwezi ujao," mjukuu wangu akadakia. "Nshamwambia mchumba wangu ntakuja kumchukua na gari ya babu. Kutoka Sur mpaka hapa."

"Utamchukua na nini? Na kamba?"

"Itapona."

"Basi sikilizeni," mwanangu akasema. "Ikimleta biharusi mpaka mlango huu kwa magurudumu yake yenyewe, ibaki, sisemi tena. Ikija juu ya brekdauni na biharusi kavimba kando ya njia, inapitiliza Nizwa. Mama, umekubali?"

Nikamtazama mjukuu wangu, nikatazama na kile kikombe kinachopoa. "Nimekubali. Kunywa."

Akanywa.

Asubuhi yake wakanichukua na mie mpaka sanaiya, mtaa wa mafundi, kwenye karakana, kwa sababu gari ni yangu na neno la mwisho ni langu. Fundi wetu ni mzee wa Kipakistani, kaingia Ibra nywele zake nyeusi tititi. Kiarabu chake cha kukatakata, na Kiswahili kakiokota kwetu kidogo kidogo. Aliniwekea kiti kivulini, mie na chupa yangu ya kahawa, akanieleza ugonjwa. Alisema ndani ya mashine mna chuma kimoja chini kinachozungushwa na pistoni, hicho krenki, na kimoja juu yake kinachofungua na kufunga vali, hicho kamshafti. Lazima viende pamoja. Kimoja kikichelewa, vali na pistoni zinagongana na mashine imekufa.

Nikamwambia, "Kumbe ni wanawake wawili wanatwanga kinu kimoja."

Akacheka. "Hapo hapo, hajja. Sasa nani atawashika wapige pamoja? Ama cheni, ama gia."

Hapo ndipo mwanangu na mjukuu wangu walipoanza, na mie naandika kama nilivyosikia.

"Gia," mjukuu wangu akasema. "Cheni inanyooka, bibi. Zile springi nilizotia nzito, zinaivuta mchana kutwa, ikilegea kamshafti inachelewa, ndiyo yale ya Izki. Gia haina kunyooka. Jino limeshika jino, leo kama kesho."

"Gia ina makelele," mwanangu akajibu. "Na tena ni chuma kwa chuma. Kila krenki ikishtuka, ule mshtuko unapanda mzima mzima mpaka kwenye kamshafti. Cheni ina ulaini, inaumeza. Ungekuwa unakwenda kushindana pale na pale, tia gia. Wewe unabeba mtoto wa watu safari nzima."

"Mjomba unataka gari isiyosikika kwa sababu umezoea ofisini. Pahala pa kulala."

"Na wewe unataka makelele kwa sababu ukinyamaza hakuna anayejua kama upo."

"Hebu nyamazeni nyote," nikawaambia. "Mnagombania nini? Gari hii ina meno tokea ilipozaliwa. Marehemu kasema, na mluzi nimeusikia mie kwa masikio yangu. Mtie meno kama yaliyokuwamo, tumemaliza."

Mjukuu wangu akanibusu kichwa. Mwanangu akakuna ndevu. Fundi akafungua feni, akafungua pampu ya maji, akagongagonga kile kifuniko cha mbele mpaka kikatoka, halafu akaniita nije nione.

Cheni. Cheni tupu, imelegea kama mkufu kwenye shingo yangu ya leo.

"Hii ya asili, hajja," fundi akasema, anainyanyua kwa kidole. "Kampani ndiyo kaweka. Meno hapana, hayajapata kuwamo."

"Sasa kilichokuwa kinapiga mluzi nini?"

Akaingia chini ya gari, akazungusha gurudumu la nyuma, akafungua difu, hilo sanduku la gia lililoko baina ya magurudumu ya nyuma. Likatoka tope jeusi kama lami, na meno ya humo yameliwa kama ya mtoto mpenda peremende.

"Difu," akasema. "Inalia njaa ya mafuta. Zamani sana inalia."

Mwanangu alicheka mpaka akashikilia gari. "Baba! Nguvu ya mashine! Umri wake wote anatembea na difu kavu anajisifu!" Mjukuu wangu alijaribu kujizuia kwa heshima ya babu yake, akashindwa. Mie nilijifunika uso na kanga, nikacheka humo ndani, nikasema moyoni, ewe bwana, na wewe ulikuwa unajua au hujui? Maana hilo hata leo sina uhakika nalo.

Lakini ushahidi wangu ulikuwa umeanguka mbele ya watu. "Tieni cheni," nikasema. "Nimeshindwa."

Ikatiwa cheni mpya, nene, ya safu mbili. Difu nayo ikatiwa meno mapya na mafuta masafi. Gari ikatoka karakana inakwenda kimya na adabu zake. Mwanangu akanizungusha nayo Ibra, akaniambia, "Umeona, mama? Unaweza kunywa kahawa ndani bila kumwaga." Na kweli. Mie nilikuwa nimekaa ndani natafuta kitu gani kimepungua, sikipati.

Zikabaki siku chache kwa harusi, tukaenda Sur kupeleka sanduku la biharusi, nguo na udi na manukato na sinia la halwa. Mie na mjukuu wangu ndani ya pikapu, mwanangu nyuma yetu na gari yake mpya, roho juu, nambari ya brekdauni kaiweka tayari kwenye simu. Haikuhitajika. Cheni ilikwenda kama hariri. Tukaingia Sur, tukavuka daraja la Aija, tukasimama mlangoni kwa bibi yake biharusi, na wala kuku hakugeuza kichwa.

Bibi huyo ni mwenzangu kwa umri. Watu wao wa bahari, wa Sur khasa, lakini yeye kazaliwa Unguja, na Kiswahili chake ni kama changu. Biharusi alikuwa kawekwa kwake, yumo ndani, haonekani, anasingwa kila siku alasiri, anasuguliwa mwili mzima kwa manjano na liwa, kama tulivyosingwa sisi.

Magoti yangu hayanisikilizi siku hizi. Kushuka kwenye gari ile ndefu ni kazi ya watu wawili. Mwanangu alikuwa bado anatafuta kivuli cha kuweka gari yake. Mjukuu wangu akaniambia, "Bibi, ngoja niitangulize halwa, nirudi nikushike," akachukua sinia, mlango ulikuwa wazi, akaingia.

Moja kwa moja. Kama alivyozoea. Kama babu yake.

Nilifungua mdomo kumwita, lakini mayowe ya ndani yakaniwahi. Yalikuwa ya wanawake wengi kwa pamoja, nikasikia na bakuli likianguka, nikasikia mtu anasema, "Mfunikeni! Mfunikeni!" Kisha mjukuu wangu akatoka kinyumenyume, sinia kalishika mbele kama ngao, kofia imepakwa singo upande mmoja, na ndara ikatoka nyuma yake ikampata kifuani.

"Nimemwona," akaniambia, macho yamemtoka. "Bibi, manjano tupu. Uso, mikono, yote."

"Huna hodi wewe?"

Akanitazama. Wallahi naona uso wake mpaka sasa. Ilikuwa kama nimemuuliza habari za kitu ambacho hakuwahi kuambiwa kipo.

Bibi wa biharusi akatokea mlangoni na ndara ya pili mkononi. "Nyie watu wa Ibra! Kwenu hakuna hodi?"

"Ipo, shoga yangu," nikamwambia. "Ilikuwa ndani ya difu. Tumeitengeneza, imetoka."

Hakunielewa hata kidogo, lakini aliishusha ndara. Mjukuu wangu akakimbilia kwa mjomba wake, na mie nikashikwa mkono nikaingizwa uani.

Walikuwa wamekasirika, na walikuwa na haki. Biharusi haonwi na bwanaharusi ndani ya singo, na huyu kaonwa na mabakuli yake na kanga yake ya kushindia. Shangazi mmoja alikuwa ananong'ona kwamba si dalili njema, mwengine anasema bora harusi isogezwe. Nikaletewa kahawa. Nikaipokea, nikaiweka chini.

Shangazi wale wakanigeukia.

"Siinywi," nikasema, "mpaka mumsamehe mjukuu wangu. Na kabla hamjasema, nisikilizeni."

Nikawapa kisa chote, tokea magunia ya tende mpaka meno ya difu yaliyoliwa. Nilipofika pale mume wangu anapojisifu kwa wenziwe, yule bibi mwenzangu akaanza kutikisika mabega. Nilipofika kwenye "njaa ya mafuta", shangazi wa dalili mbaya akalazimika kukaa. Wakacheka mpaka wakafuta machozi kwa mikono yenye singo, wakawa manjano wote.

"Kunywa, mkwe," bibi akaniambia. "Kasamehewa."

Nikanyosha mkono kuchukua kikombe, na sauti ikatoka nyuma ya pazia. Ndiye mwenyewe biharusi.

"Bibi, shikamoo."

"Marahaba, mwanangu."

"Mie nimemsamehe. Lakini gari hiyo sipandi. Inakuja kimya kama paka. Leo kanikuta na singo, kesho nimo jikoni na nywele zangu wima, ataniingilia na marafiki zake watatu. Nataka gari nayoisikia tokea darajani. Niwe na nafasi ya kujifunika, na ya kuweka kahawa kama ulivyokuwa ukiweka wewe."

Nyote mtaniambia angemwambia tu mume wake apige hodi. Na mie nilimwambia. Akanijibu, "Hodi ntamfundisha, bibi. Lakini mpaka ajue, nani atanilinda?"

Nikanywa kahawa yangu. Nikatoka nje, nikawakuta wawili wale wamesimama kama watoto waliovunja chungu.

"Tieni gia," nikasema.

Mwanangu aliniona nimepata jua la kichwa. "Mama! Cheni imetufikisha bila ya kishindo, umejionea. Harusi iko mlangoni. Kufungua mashine upya, wakikosea jino moja tu gari haifiki hata Kamil, hapo njiani. Utaipoteza kwa kitu kilichokwisha kupona!"

"Biharusi hapandi gari ya kimya. Asipopanda, hiyo gari itakuwa imemleta nani?"

"Na sharti langu?"

"Liko pale pale. Nimelikubali, na kahawa umeinywa."

Kusema kweli roho yangu haikuwa imetulia kama mdomo wangu. Gari ile, kila nikiitazama chini ya banda, naona mtu anashuka. Nikifikiri imesimama Nizwa, inafutwa kwa kitambaa na mtu asiyejua hata ilivyokuwa ikinuka samaki, natamani kulirudisha neno langu. Lakini mtoto alikuwa kaomba kitu cha haki.

Fundi alipotuona tunarudi alishika kichwa. "Hajja! Juzi cheni, leo gia? Kesho utataka ngamia?" Lakini alifanya. Gia zenyewe zikaja za namna mbili kuchagua, kuna za kelele na kuna zilizokatwa meno kwa namna ya kupunguza kelele. Mara hii hakuna aliyebishana. Tukachukua za kelele. Gia moja ikakaa kwenye krenki, moja kwenye kamshafti, na mbili ndogo baina yake za kuzishikanisha. Zina nukta zilizochongwa, na nukta lazima zitazamane. Fundi akazitazamisha, akatia kibati chembamba cha kupimia baina ya meno, akatoa, akatia tena. Zikibana sana zinajila, zikiachana sana zinagonga. Halafu kifuniko cha mbele kikakataa kufunga, kilikuwa kinagusa gia, ikabidi kisagwe kwa ndani. Alizungusha mashine kwa mkono, raundi baada ya raundi, sikio kaliweka kwenye chuma kama mkunga. Mwanangu, mtu wa cheni, ndiye aliyemshikia taa.

Ikawashwa. Mluzi ukatoka.

Haukuwa wa mume wangu. Ule ulikuwa mzito kidogo, wa mtu mzima. Huu mwembamba, mkali, kama kigelegele cha mtu asiyekwisha pumzi. Lakini fundi wa karakana ya tatu kule alitoka nje kutazama nini kinakuja, na mimi nikasema inatosha.

Siku ya harusi wanaume walikwenda Sur asubuhi, mlolongo wa gari, pikapu mbele. Mie sikwenda. Mimi kazi yangu ni uani: wanawake wamejaa, sufuria za biriani zimefunikwa, chetezo kinafuka udi. Binti yangu, aliyefuatana nao kumchukua biharusi, akapiga simu, wametoka Sur. Halafu simu yake ikawa haipatikani, na kila nikipiga ananijibu yule mwanamke wa mashine.

Tukaswali alasiri. Hakuna kitu. Chai ikapita, ikarudi. Wanawake wakaanza kunitazama kwa pembe ya jicho, wote wanalijua lile sharti, Ibra nzima inalijua.

Halafu jirani aliyekuwa juu ya dari akasema kwa sauti ndogo, "Bibi, naona brekdauni inakata kona yetu."

Nikashika ukuta, nikatoka mpaka mlangoni na kanga yangu kichwani. Brekdauni kweli, lile lori la njano, linakuja polepole. Linasimama mbele yangu. Mgongoni halina kitu. Tupu.

Dereva akashusha kioo. "Salamu alaykum, hajja. Ndio hapa penye harusi?"

"Alaykum salaam. Gari iko wapi?"

"Gari ipi?"

"Unayotakiwa kuibeba!"

"Aa! Mwanao kanikodi nimfuate nyuma kutoka Sur, kwa tahadhari. Wakasimama njiani kupigana picha, saa nzima wanapiga picha, mimi njaa inaniuma, nikaona nitangulie."

Sikumbuki nilimwambia neno gani, lakini mwenyewe alisema siku ya pili kwamba alikuwa hajapata kutukanwa kwa heshima namna ile. Na nilipokuwa bado namtukana, nikausikia.

Mbali, kule wadini. Uuuuuu.

Wanawake uani waliinuka wote kwa pamoja. Wenye kanga wakajitanda, wenye buibui wakavuta, msichana mmoja akakimbiza pafu lake la poda chumbani. Hakuna aliyeambiwa. Na mie, mkono wangu ulikwisha kufika kwenye birika kabla sijajua nimeugeuza mwili.

Pikapu ikaingia uchochoroni kwa magurudumu yake yenyewe, vumbi jekundu la njia ubavuni, maua ya waridi juu ya boneti yamekauka kwa joto la mashine. Biharusi yumo mbele, kajifunika vizuri, kakaa wima kama anaendesha yeye. Mjukuu wangu akazima, akashuka. Mlango ulikuwa wazi. Akaja mpaka kizingitini, akasimama. Akasafisha koo.

"Hodi!"

Kwa sauti kubwa ya kutosha mtaa mzima, baada ya gari kupiga mluzi tokea wadini na hakuna aliyebaki bila kujua. Uani wakaangua kicheko, vigelegele juu yake.

"Hodi wenyewe!"

"Ngoja hapo hapo!" nikamwambia, nimwonjeshe kungoja. Nikammiminia kahawa biharusi kwanza. "Sasa karibu."

Baadaye, biharusi kakaa ubavuni kwangu, wanaume wamo barazani na halwa yao, na vijana wameiwasha tena gari ili wageni waisikie. Mluzi umetanda mpaka jikoni. Nikasikia sauti ya mwanangu kwa dirishani, mwanangu wa cheni, anawaambia wageni kwa kifua kipana:

"Huo mnaousikia ndio nguvu ya mashine. Ina meno ndani, haina cheni kama gari za watu."

Nikatazama chini, kwenye kikombe. Safari hii ilikuwa kweli.